Hotpoti Niliyoiacha Morogoro

Tangu nirudi mnaniuliza swali moja. Hamniulizi mjomba alizikwaje, wala kwa nini nimekonda shingo hivi. Mnauliza hotpoti iko wapi. Haya, leo nitasema, lakini mtakaa mnisikilize mpaka mwisho, na atakayenikatiza kwa utani nitanyanyuka niende zangu.

Kwa wale waliohamia kijiweni hivi karibuni: mimi ni Gaspa, fundi wa majokofu, Mluguru wa Mgeta niliyekuja Mwanza kwa kazi nikabaki. Tumbo langu hapa linajulikana kuliko jina langu. Kwa miaka mingi lilikuwa linanikata, linajaa upepo kama mpira, mara linafunga, mara linafungua ghafla mpaka namwacha mteja na friji yake imefumuliwa katikati ya sebule. Nimetibiwa taifodi ambayo sikuwa nayo. Nimetibiwa amiba. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo kwa ushauri wa muuza duka la dawa ambaye hata kunigusa hakunigusa. Mwishowe daktari mmoja, mama wa makamo, akanipima kila kinachopimika, akaniambia utumbo wangu hauna kidonda wala mdudu. Ni mwepesi wa kushtuka tu. Vyakula fulani vinaushtua, na hofu inaushtua kuliko chakula, kwa sababu tumbo na kichwa vinapelekeana habari mchana kutwa. Ugonjwa huu hauui, alisema, lakini hauponi kwa kidonge kimoja. Unaishi nao kama unavyoishi na jirani mkorofi. Nile kidogo kidogo na kwa wakati wake. Nipunguze maharage, kabichi, njegere, vitunguu na maziwa, nijue kipi kinanidhuru na kipi hakinidhuru. Nilale, nitembee, niache kujitibu kwa kubahatisha.

Na jambo moja alilirudia mpaka nikachoka. Nikiona damu chooni, au choo cheusi kama lami, au nikianza kukonda bila sababu, au maumivu yakianza kuniamsha usingizini, hayo si maradhi haya. Hapo nisisubiri, niende mbio hospitali. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Ndipo nikanunua ile hotpoti ya bluu, nikawa natembea na chakula changu mwenyewe. Wali mweupe, karoti za kuchemsha, kipande cha kuku asiyetiwa kitunguu. Mkaniita Bwana Hotpoti, na nilicheka nanyi, maana tumbo lilikuwa limetulia.

Mwanza hadi Dodoma

Aliyenipigia simu ni Mama Mkubwa Veronika, dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Huyu hapigi simu kusalimia. Alisema Mjomba Patris yu hoi, hali wala hanywi, na ananitaja mimi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akifa jina lake hurithiwa na mpwa, kwa hiyo nilielewa naitiwa nini. Kabla hajakata simu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba watu wanasema mjomba kalishwa kitu. Nikamuuliza kalishwa na nani. Akasema, "Njoo uone mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako."

Katika nyumba ya mjomba mpishi ni mmoja tu, mkewe, Mama Apolonia. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Hakujaliwa kuzaa, na si wa ukoo wetu. Alitoka upande wa pili wa milima, Matombo. Miaka yote ile, kilichomfanya awe mtu wa pale Mgeta ni mume wake tu. Simu ilipokatika tumbo lilikuwa limeshaanza kunguruma, na sikuwa nimetia kitu mdomoni.

Niliondoka kwa basi la alfajiri, hotpoti mapajani. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja wa Singida, mfanyabiashara wa vitunguu, mnene, mchangamfu, aliyesafiri na kuku mzima wa kukaanga. Kila akimega alinimegea na mimi. Nikakataa, akamega tena, nikakataa tena. Mwishowe akaitazama hotpoti, akanitazama usoni, akasema huku akicheka, "Baba, ukimchunguza sana bata humli. Au unaniona mchawi?" Watu wa viti vya nyuma wakacheka, na mimi nikacheka nao. Laiti ningelitia akilini neno lile. Lakini mtu akiumwa tumbo hasikii la mtu.

Tulipopita Igunga mambo yakaharibika. Nikamwendea konda nikamwomba tusimame kidogo tuchimbe dawa. Akasema dawa itachimbwa Singida, basi limeshachelewa. Nikarudi kitini nikajibana, jasho linanitoka, navuta pumzi taratibu kama daktari alivyonifundisha. Kadiri nilivyofikiri kwamba choo kiko mbali, ndivyo tumbo lilivyozidi kukaza. Yule mama wa vitunguu ndiye aliyepaza sauti, akamwambia dereva asiposimama sasa hivi tutasafiri na harufu mpaka Dodoma. Dereva akasimama papo hapo, katikati ya mbuga ya Wembere, ambako hakuna kichaka cha kumficha hata sungura.

Sitaeleza zaidi. Yule mama alishuka nami, akasimama amenipa mgongo, kanga yake ameitandaza kwa mikono miwili kama pazia, na abiria wa upande ule wote wakajifanya wanasoma simu zao. Mimi ni mtu mzima, nina watoto. Pale nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliporudi kitini hakunicheka. Aliniambia tu kwamba mdogo wake anaumwa hivyo hivyo, na ukweni walimrudisha kwao, wakisema mwanamke anayechagua chakula ana lake jambo. Nikasema pole. Hilo nalo nililipokea kama habari ya mtu mwingine.

Karibu na Manyoni basi likapata pancha, na tairi la akiba likawa bovu kuliko lililopasuka. Tukakaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Dodoma tulifika treni ya mwisho imeshaondoka, nikalala nyumba ya wageni nikiwa na simu mkononi, naogopa isilie.

Dodoma hadi Morogoro

Asubuhi nikapanda treni mpya ya umeme. Wenzangu walikuwa wanapiga picha madirishani na kushangaa mahandaki. Mimi nilishangaa kitu kimoja: kila behewa lina choo. Nikachagua kiti kilicho karibu nacho, nikatulia, nikasubiri tumbo lianze vituko vyake.

Halikuanza. Treni ilikwenda kimya, Gulwe ikapita, Kilosa ikapita, na sikunyanyuka hata mara moja. Hapo nikaelewa kwa mwili wangu mwenyewe kile ambacho daktari alishindwa kunielewesha kwa maneno. Tumbo langu halitaki choo. Linataka kujua kwamba choo kipo. Nililala usingizi wa kweli, na nilipoamka milima ya Uluguru ilikuwa upande wa kulia, vilele vyote vimefunikwa na mawingu. Nilitegemea kufurahi kuiona. Sikufurahi hata kidogo.

Dada yangu Koleta anaishi Mafiga na anauza vitenge sokoni. Alikuja kunipokea stesheni kwa bajaji, na njia nzima alinieleza maneno ya huko juu. Kwamba mjomba alianza kuugua mara baada ya kugombana na mkewe kuhusu shamba la bondeni. Kwamba ameshuhudiwa akitapika weusi. Kwamba Mama Apolonia alionekana akichuma majani mlimani. Koleta alicheka, akasema watu wa kwetu hawana kazi, kila anayekufa lazima awe na muuaji. Nilimpenda kwa maneno yale.

Kwake nikapika chakula changu nikajaza hotpoti. Akanitazama, akauliza, "Na huko unakwenda nayo?" Nikamjibu kwa hasira kwamba sasa nifanyeje, nife njaa? Akainua mabega, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Kupanda Mgeta

Magari ya abiria yalikuwa hayapandi kwa sababu ya mvua, nikapata Fuso lililokuwa linakwenda kuchukua mboga. Dereva alikuwa baba mmoja wa mjini, Bwana Shomari, mwenye koti kubwa la baridi hata tukiwa bado kwenye joto la Sangasanga. Tulipoiacha Mlali na kuanza kupanda alianza kunisifia kwetu. Alisema watu wa Mgeta ndio wanaoilisha Dar es Salaam, kabichi zile, njegere zile, maharage yale, na kwamba mgeni akipanda huko hateremki na njaa. Nikamwambia kweli. Sikumwambia kwamba kila alichokitaja ni adui yangu. Mungu ana mzaha wake, amenifanya nizaliwe kwenye mlima ambao kila kinachoota juu yake kinanipasua utumbo. Hata mbuzi wa kule wanakamuliwa maziwa.

Katikati ya mlima ardhi ilikuwa imeporomoka barabarani. Tukashuka na watu wa malori mengine kuchimba tope kwa majembe. Kina mama waliokuwa wamekwama na matenga yao ya karoti walituchemshia njegere kwenye sufuria, wakatugawia kwa mikono. Nikachukua kiganja kimoja nikazitia mfukoni, nikajifanya natafuna. Walikuwa wakarimu mno, nisingeweza kuwakatalia, na mimi niliogopa mno kula.

Lori lilikwama tena juu kidogo, nikamshukuru Bwana Shomari nikashika njia ya miguu. Ile njia mnaijua mnaoijua: unapanda goti kifuani, ukungu mbele, korongo upande mmoja. Nilifika nyumbani kwa mjomba nimelowa, natetemeka, tumbo limekaza kama ngoma.

Nyumbani kwa mjomba

Uani walikuwepo ndugu wengi, wamekaa kwenye mabenchi na magogo. Nikatoa shikamoo kwa kila mkubwa. Mama Mkubwa Veronika aliitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yalikuwa mlangoni kwa Mama Apolonia.

Ndani sikumtambua mjomba. Yule mtu aliyekuwa anabeba gunia la viazi kwa kichwa alikuwa amebaki mifupa chini ya blanketi, tumbo peke yake limevimba. Alinishika mkono. Akasema polepole, "Nilidhani ni hili lako, Gaspa. Ulisema haliui."

Mama Apolonia akanivuta pembeni, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akanieleza yote. Mjomba alianza kukonda walipokuwa wanapanda njegere. Choo kikawa cheusi kama lami. Maumivu yakawa yanamtoa kitandani usiku. Zahanati waliwaandikia waende hospitali ya mkoa, akambembeleza mumewe mpaka akampigia magoti, na huo ndio ugomvi ambao watu waliusikia wakaugeuza ugomvi wa shamba. Mjomba alikataa katakata. Alisema ni tumbo la ukoo tu, hata Gaspa analo, na Gaspa amepimwa Mwanza hana kitu. Majani aliyochuma mlimani yalikuwa mchaichai.

Nilisimama pale nikisikia maneno ya daktari wangu yakipangwa moja baada ya jingine, kama vile alimwona mjomba kabla yangu. Hakuna sumu. Hakuna uchawi. Ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa uliojificha nyuma ya ugonjwa wangu. Kumpeleka chini tulikuwa tumechelewa, kwa njia ile asingefika hata Mlali.

Nilitoka nje nimevurugika. Mama Apolonia akanipakulia palepale uani, mbele ya watu wote, chakula kilichokuwa kimeshaiva: ugali wa moto, maharage, kabichi, na kikombe cha chai ya maziwa ya mbuzi. Jamani, nielezeni ningefanya nini. Tumbo lilikuwa limekaza, mguuni tope, moyoni mjomba. Nikamwambia asante mama, mimi nina changu, nikafungua hotpoti nikaanza kula wali wangu.

Uwanja mzima ulinyamaza. Nilidhani wamenyamaza kwa ajili ya mgonjwa. Mama Mkubwa Veronika akavuta kanga akaziba mdomo, na Mama Apolonia akachukua sahani yake akairudisha ndani akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nikaendelea kula. Karoti zilikuwa bado na uvuguvugu.

Mjomba Patris alikata roho asubuhi yake, ukungu bado haujaondoka mlangoni.

Siku ya kuanua tanga

Mazishi yalikwenda kwa heshima. Padri alikuja, kwaya iliimba, Koleta alipanda akalia nasi, kisha akashuka kwenye biashara yake. Siku zote za matanga chakula kilipikwa na majirani, kama ilivyo desturi, na mimi nilikula viazi vya kuchemsha bila mchuzi. Hakuna aliyeniuliza. Nilianza kufikiri yale maneno yamezikwa na marehemu.

Kwetu, siku ya kuanua tanga mjane huingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu kifo. Hupikia ukoo wa mumewe, na ukoo ukila kutoka mkononi mwake maana yake hakuna kinyongo, anaweza kukaa pale hata kama mume hayupo. Mama Apolonia alipika toka alfajiri. Akaleta masinia ya ugali, maharage na kabichi, akayaweka mbele yetu, akapiga goti. Hakuna mkono uliosogea.

Mama Mkubwa Veronika akasema, "Mimi ni mzee, macho yangu hayaoni vizuri. Lakini huyu Gaspa kalelewa na mkono huo huo. Kafika hapa na chakula chake kutoka mjini. Alijua nini ambacho sisi hatujui?"

Nikasimama nikaeleza kila kitu, daktari, vitunguu, utumbo unaoshtuka. Nikaeleza dalili za mjomba, choo cheusi, kukonda, nikasema huo ni ugonjwa wa hospitali na Mama Apolonia alitaka apelekwe. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja wa ukoo akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli hospitali walipima wakakuta sina kitu. Nikasema kweli. Akauliza kama pamoja na hivyo naumwa. Nikasema naumwa. "Basi mwanangu," akasema, "ugonjwa usioonekana hospitali, sisi tuna jina lake. Na wewe ulilelewa humu humu ndani."

Weee! Nilimleta daktari wangu awe shahidi, naye kanigeukia. Nikamtazama Mama Apolonia, bado kapiga goti, mikono juu ya mapaja, haombi kitu. Nikaona maneno yamekwisha. Nikanawa mikono, nikakaa mbele ya sinia, nikala. Nilikula ugali, maharage na kabichi, tonge baada ya tonge, kama mtu anayelipwa, huku nawatazama machoni mmoja mmoja. Nikanywa na ile chai ya maziwa. Nikaona mama wawili wanasogea karibu na sinia. Mmoja alishaanza kukunja mkono wa gauni. Nilijiambia tumeshinda.

Nilijua litaniuma. Nilichoomba ni linicheleweshee tu, mpaka watu watawanyike. Lakini tumbo likishikwa na hofu halisubiri ratiba. Lilianza kama kisu chini ya kitovu. Nikavuta pumzi, nikatabasamu, nikavuta tena. Jasho likatoka. Nikainama bila kutaka, nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikatoka mbio kwenda chooni nyuma ya migomba, na niliyoyatoa huko yalisikika mpaka uani. Niliporudi miguu haikunibeba, nikajilaza kwenye mkeka nimejikunja.

Yule mama aliyekunja mkono wa gauni alikuwa ameshaukunjua. Masinia yalibaki yamejaa. Mama Mkubwa Veronika hakupaza sauti. "Mmeona wenyewe," akasema.

Mama Apolonia alitoka jikoni na kikombe cha maji ya moto ya tangawizi. Ndicho alichonipa utotoni tumbo likinisumbua. Kabla sijakishika Mama Mkubwa alikichukua mkononi mwake akakimwaga chini, mbele yetu wote. Nililia. Sioni haya kuwaambia. Nililia kama mtoto, na wao wakaamini nalia kwa sumu.

Kesho yake nilikuwa mzima kabisa, nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwaonyesha kwamba sikufa. Walifurahi, wakasema Mungu mkubwa, ameniokoa. Nikasema kama mrithi wa jina nataka mjane akae shambani kwake. Wakanijibu kwamba jambo hilo litazungumzwa nikishapata nguvu. Mtu wa ukoo wetu akikwambia hivyo, elewa limekwisha.

Nilimkuta Mama Apolonia anafunga vitu vyake kwenye shuka. Nikamwambia asiondoke, nitapigania. Akatikisa kichwa. "Nikae nimpikie nani?" akasema.

Baadaye kidogo, bila kunitazama, akaniuliza, "Ulipokula jana, ulijua litakuuma?"

"Nilijua, mama."

"Basi yatosha," akasema.

Kushuka

Tulishuka na Bwana Shomari, Fuso limejaa kabichi mpaka juu. Hakuna aliyetusindikiza zaidi ya mwanamke mmoja jirani, aliyesimama mbali na barabara. Bwana Shomari aliona macho yetu, akazima redio.

Kabla ya Mlali akasimama kukagua breki. Mama Apolonia akaniomba hotpoti yangu, ambayo kumbe alikuwa ameibeba yeye ndani ya furushi. Akaifungua. Aliamka mapema akanipikia wali mweupe na karoti, hakuna kitunguu, hakuna maharage, chumvi kidogo tu, kama alivyokuwa ananipikia nilipokuwa mdogo kabla ya daktari yeyote kuniambia lolote. Yeye alikuwa anajua zamani. Tukala wote wawili kandokando ya barabara, tukamkaribisha na Bwana Shomari, akala bila kuuliza. Nikasubiri tumbo liseme. Halikusema neno. Katika safari yote ile, kwenda na kurudi, chakula kile cha mwanamke yule ndicho pekee nilichokula kwa amani.

Mafiga tulifika jioni. Koleta alimkumbatia, akamlilia, akasema ukoo wetu una roho mbaya, hapa ni kwako. Nikashusha pumzi. Kisha Mama Apolonia akanyanyuka, akakunja kanga kiunoni, akaelekea jikoni kumsaidia kukatakata mchicha. Koleta akaruka kutoka kwenye kiti kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake. "Kaa mama, kaa upumzike, usiguse kitu," akasema, na akacheka kidogo.

Mama Apolonia akakaa. Akaufungua ule mkunjo wa kanga.

Stendi

Asubuhi nilimsindikiza kupanda gari la Matombo, kwa mdogo wake wa kiume ambaye hawajaonana miaka mingi na ambaye habari, bila shaka, zilikuwa zimeshamfikia. Habari ya namna ile haihitaji gari. Alikuwa na furushi moja na rozari mkononi. Nikawa nawaza atafika, atapokewa, atawekewa mkeka. Na siku atakapoinuka kwenda jikoni, mke wa mdogo wake ataruka kama Koleta alivyoruka.

Nilikuwa nimeiosha hotpoti usiku nikaikausha. Nikampa. Akaikataa, akasema wewe njia ni ndefu, utabebea nini. Nikamwambia nitanunua nyingine, Mwanza zimejaa. Alinitazama muda mrefu, nadhani alielewa kwa nini nampa, na mimi niliomba asielewe. Ni chombo cha mtu anayejipikia mwenyewe, akala mwenyewe, kwa sababu hawezi kula na wengine. Mimi nilikibeba kwa ajili ya tumbo langu. Yeye tumbo lake ni zima.

Akaipokea kwa mikono miwili, akapanda gari, akaipakata.